Ree la Kopa

Laiti nisingekubali kumpekua rafiki yangu. Kila nimenyapo chungwa, harufu ya ganda hunirudisha kwenye jamvi lile tulilochezea karata. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kutafuta, sembuse karata. Kila mtoto alileta chache za kwao, tukaunga seti moja. Jioni hiyo ree la kopa, lililoletwa na rafiki yangu, mtoto wa mwenye duka, halikuonekana.

“Kalificha alirudishe kwao huyo. Mpekue wewe, sahibu yake!” wenzetu waliniamuru.

“Nawe waniona mwizi wa kitu changu?” aliniuliza, mikono juu.

Nilimpekua mpaka upindo wa kaptura. Aliondoka.

Kesho yake nililikuta limegandana na saba ya shupaza kwa maji ya machungwa tuliyokuwa tukila. Nilimpelekea, hakulipokea. Hakusema nami tena, na rafiki mwingine sikupata.