Mkeka Haukauki

Usiponiamini sikulaumu. Hata mimi ningekuwa na nguvu ya kubisha, ningebisha. Lakini mkeka ule naanika mimi, kila siku ya Mungu.

Kitongoji chetu ni kaya tisa tu, kando ya mto, juu kidogo ya Bigwa, pembezoni mwa mji. Taa za mjini tunaziona, kufika ndiyo kazi, maana lazima uvuke kwa mawe. Mto ukijaa, wa huku anamnyooshea wa ng'ambo mti mrefu ajishikize. Ila kukiwa na ukungu humnyooshei mtu mpaka umuulize ukoo wa mama yake. Kilichokufa majini, wazee wanasema, hakiwezi kuutaja.

Siku ile nilikuwa hoi. Tangu asubuhi nilikuwa nateremsha vyombo vya mama kwenda Bigwa. Miguu yake imekufa ganzi, hospitali iko mjini, na nilimbembeleza sana mpaka akakubali kuhama. Tulikuwa tuondoke kesho yake.

Alasiri nilishavuka kurudi nyumbani, ukungu umeshuka, nikasikia ng'ambo, "Dada, nivushe." Sauti ya Salumu, mdogo wangu. Mto huohuo ulimchukua masika ya mwaka uliotangulia, wala hatukumpata tukamzika.

Nikanyoosha mti. Sikuuliza. Wewe ungeuliza? Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nimemkumbuka mno.

Uzito ulikuwa wake kabisa. Akanipita, maji yanamchuruzika.

"Mama yupo?"

"Yupo," nikamjibu. Nilipoinama kuokota kanga yangu, njia ilikuwa tupu.

Nyumbani nilimkuta mama jikoni, analia na kucheka. "Salumu kaja. Kaingia kulala." Nikachungulia chumbani. Hakuna mtu. Mkeka umeloa, urefu wa mtu mzima.

"Ulimuuliza ukoo?" mama akaniuliza.

Nikasema nilimuuliza.

"Kautaja?"

"Kautaja, mama."

"Basi mimi siendi tena. Nimwache na nani?"

Mwaka wa pili huu. Siku hizi mama hasimami kabisa, namgeuza mimi, na mjini hataki kusikia. Asubuhi mkeka umeloa, naukamua, naanika, yeye ananiambia nisimwamshe mwanawe. Nimwambie kweli? Atafiwa mara ya pili, na safari hii kwa mdomo wangu. Yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo nakuomba, ukiitwa kutoka ng'ambo, uliza kwanza. Na siku uliyochoka, uliza mara mbili.