Matundu Matatu Chini ya Kwapa

Nasema wazi, na Mungu anisamehe: wakwe wa binti wa kaka yangu, jina lake Afisa, walitaka kumuua, nao wanajiita watu wa dini!

Afisa ana miaka kumi na tisa, ameolewa na Yasiri, kijijini Ludara. Asubuhi alikuwa akilima kama wenzake. Jua likipanda kope zinamwangukia, ulimi unakuwa mzito, chakula kinamkwama kooni. Mama mkwe wake, Kaltumu, akamwita mlevi. Mlevi! Mtoto ambaye hata pombe ya kwete hajawahi kuionja.

Madaktari wa Arua ndio waliogundua kwamba mwili wake unajishambulia wenyewe na kulegeza misuli. Wakampeleka Kampala. Kule hawakumpasua kifua. Walipitisha kamera kwenye matundu madogo chini ya kwapa, wakatoa tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ile inayochochea ugonjwa huo. Wakamwonya: nguvu zitarudi polepole, kwa miezi, na vidonge walivyompa asiache.

Akarudi kwake. Kwa wakwe wale, aliyetoka kupasuliwa huogeshwa na wanawake wa ukoo, na wote hulitazama jeraha. Wakamvua, wakatafuta kovu kubwa, wakaona vialama vitatu tu, kila kimoja kama punje ya mahindi.

"Hii hapana operesheni!" Kaltumu akafoka. "Hii iko chale ya mganga. Ameleta uchawi kwa nyumba yangu!"

Akakusanya vidonge vyote, akavitupa chooni. Na Yasiri, mwanamume mzima mwenye ndevu zake, akatazama tu.

Siku ya pili Afisa hakuweza kumeza hata mate. Nilipofika alikuwa anahema, na yule mama anasema eti anajifanya. Loo! Nikampandisha kwenye bodaboda, nikamshika kiunoni mpaka hospitali, huku natukana njia nzima.

Sasa yuko kwangu, anakunywa uji na dawa zake. Juzi Yasiri akaja na kanzu yake safi, akanisalimu kwa adabu zote.

"Shangazi, mama amemsamehe. Anataka Afisa arudi, ila vidonge aviache huku."

Amemsamehe! Nikafungua mdomo nimfukuze, Afisa akanishika mkono. Ilikuwa alasiri, kope zimeshashuka. Akaziinua kwa kidole ili amwone mumewe vizuri.

"Ulimwona akivitupa," akasema polepole. "Nenda kwa mama yako, Yasiri. Mimi nataka kuishi."