Chupa za Radi na Vikombe vya Wageni

"Umeimaliza, Ryan! Kwani uliniuliza?"

"Nimepaka upanga tu! Si uko na zingine kibao?"

"Hiyo haikuwa yako!"

"Basi niitie karao wanifunge!"

Niliacha unga wa chapati mezani, nikaingia sebuleni na mikono yangu myeupe hadi viwikoni.

Binti yangu alikuwa analia. Machozi kabisa, mabega yanatetemeka. Analilia chupa ya mafuta.

Na chupa yenyewe haikuwepo duniani. Ilikuwa ndani ya televisheni.

Mimi ni Mama Triza, naishi mtaa wa Mowlem. Niliyoyaona Jumamosi hiyo ya baridi nitayaeleza haraka, kwa sababu sipendi kuzunguka.

Ryan ni mtoto wa dada yangu Nangila. Ni kijana mkubwa, anafanya kibarua kwenye kiwanda huko Industrial Area na analala kwetu. Ndiye aliyeleta mtambo wa gemu nyumbani. Triza ni wangu wa kuzaa. Yuko kidato cha nne, na alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao baridi ikizidi, mifupa inauma hadi mtoto anang'ata blanketi.

"Nani ataniambia hii kelele ni ya nini?" nikauliza.

Ryan akanyoosha kidole kwenye skrini. Palikuwa na jitu limelala kando ya ziwa, lina magamba kama mawe.

"Auntie, huyu upanga wa kawaida unamkwaruza tu. Lakini kuna mafuta unapaka. Ya moto, ya barafu, ya radi. Huyu ni wa maji, kwa hivyo anaogopa radi. Ukipaka ya radi, upanga unawaka, unamkata kama mkate."

"Na hiyo radi inakaa?"

"Wapi! Dakika moja hivi, halafu upanga unarudi kuwa chuma tu. Ndiyo maana unapaka ukishamwona adui."

"Sasa shida iko wapi?"

"Shida ni huyu msichana wako! Huyo mnyama amemuua wiki nzima. Wiki nzima, auntie! Na begi lake limejaa chupa za radi. Hajawahi kufungua hata moja. Leo nimeshika mimi, nimepaka moja, mnyama chini. Sasa nimekuwa mwizi."

"Ningemuua bila hiyo," Triza akasema, akipangusa pua.

"Lini? Krismasi?"

Nilicheka. Nakubali, nilicheka.

"Triza, hizo chupa unamwekea nani?"

"Ni za mbele. Mwishoni kuna mnyama mkubwa kuliko huyu. Nikizimaliza sasa, huyo nitampiga na nini?"

"Na usipompita huyu, huyo wa mwishoni utamwona wapi?"

Akainamisha macho sakafuni.

"Dawa ni ya mgonjwa, mwanangu. Si ya kabati."

Nilisema hivyo huku nikigeuka kurudi kwa unga wangu. Nilikuwa nimemaliza.

Ila niliona macho yake. Yaliruka hadi kwenye kabati la vioo, yakarudi sakafuni.

Nikasimama.

Ryan naye alikuwa anatafuta amani. "Basi shika wewe, usilie," akamwambia, akimnyooshea kidude cha kuchezea. Triza akanyoosha mkono. Vidole vikakataa kukunjika. Kidude kikaanguka kwenye zulia.

Vidole vilikuwa vimevimba kama soseji.

"Umemeza dawa leo?"

"Nimemeza."

"Zipi?"

Macho yakaenda tena kwenye kabati.

Sasa nieleze kuhusu kabati langu. Rafu ya juu kuna vikombe nilivyopewa siku ya harusi, vya ukingo wa dhahabu. Ni vya wageni. Mume wangu Bwire, mwenye nyumba, anakunywa chai kwa kikombe cha plastiki. Watoto walijifunza kutembea wakijua rafu ile haiguswi. Vikombe hutoka pasta akija, na akiondoka navirudisha mimi mwenyewe, kifudifudi, vumbi lisiingie.

Kimoja kilikuwa kimesimama, mdomo juu.

Nikafungua kioo, nikakishusha.

Ndani kulikuwa na vidonge. Vile vikali vya maumivu alivyopewa kliniki, bado vimo kwenye vifuko vyake, vimekatwa kwa makasi kimoja kimoja.

Ryan akazima televisheni bila kuambiwa.

"Umekuwa ukimeza nini, Triza?"

"Zile za dukani. Za kichwa."

"Tangu lini?"

"Jumatano."

"Na hizi?"

"Sista wa kliniki alisema zimepungua. Ulimsikia, mama. Alisema tukirudi huenda tusizipate." Akaficha vidole kwapani. "Mtihani ni Novemba. Nikishikwa na maumivu ndani ya chumba cha mtihani, nitashika kalamu na nini? Nilitaka ziwepo."

"Na leo?"

"Leo navumilia."

"Vuta pumzi."

"Mama, niko sawa."

"Nimesema vuta pumzi nione."

Akavuta. Akafika nusu, akakata, mkono ukaenda kwenye mbavu.

Wenye watoto wa namna hii wananielewa. Mifupa tunaijua, tunakanda, tunafunika, tunakesha. Kifua hakingojwi. Tuliambiwa hivyo tangu akiwa na miaka miwili: kifua kikianza kuuma, usikae nyumbani hata ukiwa na chungu motoni.

"Triza, ungekaa hivi hadi lini?"

Akaniangalia. Hakuwa na kiburi, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Si wewe husema mtu mwenye akili hamalizi akiba?"

"Nilikuwa nasema sukari!"

Ryan akatazama ukuta. Mimi nikatazama kile kikombe mkononi, dhahabu yake bado mpya baada ya miaka yote hiyo, kwa sababu hakuna mdomo wa mtu wa nyumba hii uliowahi kukigusa.

Naandika haya nikiwa hospitalini, kando ya kitanda chake. Oksijeni imetolewa leo asubuhi. Daktari ametuambia kile kifua kingetushinda kama tungelala nyumbani. Triza ameamka kidogo, amenipa ruhusa niandike, mradi niseme kwamba yeye mwenyewe angemuua yule mnyama bila chupa.

Mzazi unayesoma, nenda ukaangalie vitu vizuri vya nyumba yako vimewekewa nani. Mtoto huwa anaangalia. Akiona kila kizuri ni cha mgeni na cha kesho, na yeye atajipanga mwisho wa foleni, hata na maumivu yake.

Lakini wacha nimalize ile Jumamosi.

Nilitoa vidonge kwenye kikombe, nikavitia mfukoni, nikabakisha kimoja cha kumeza. Sikukisuuza sana kikombe. Nikamimina maji ya uvuguvugu kutoka kwenye thamosi hadi kwenye ule ukingo wa dhahabu.

"Meza."

"Kwa hicho?"

"Meza, Triza."

Akameza. Vidole vyake havikuweza kukishika kikombe, ikabidi nimshikie.

"Ryan, mpigie Mativo wa teksi. Mwambie ni sasa hivi, ni Triza. Halafu leta blanketi langu zito."

"Lile la wageni?"

"Ryan!"

"Naleta, auntie."

"Tumngoje baba?" Triza akauliza. Bwire alikuwa zamu.

"Baba atatukuta huko."

Nilifunika unga kwa sufuria, nikafunga gesi. Ryan akamwinamia, akambeba mgongoni, akashuka naye ngazi polepole kama mtu aliyebeba mayai.

"Na ukipona nitakurudishia chupa yako," nilimsikia akimnong'oneza.

"Haiwezekani, mjinga. Ikishapakwa imeisha."

"Basi upake zilizobaki."

Mativo alikuwa tayari anapiga honi langoni. Tulimlaza Triza kiti cha nyuma, kichwa kwenye paja langu. Ndipo akafungua macho.

"Mama, umekuja na kikombe."

Kweli. Kilikuwa mkononi mwangu, nusu ya maji bado imo.

"Nimeona."

"Kitavunjika. Barabara ni mbaya."

"Kivunjike," nikasema. "Kunywa."