Kopo Halimwoni Asiyetulia

Mwaka 2005 Murshid alikuwa na makopo kumi na moja ya maziwa ya unga, na hakuna hata moja lililokuwa na maziwa. Ndani aliyapaka rangi nyeusi, ubavuni akayatoboa, na kila kopo likawa kamera. La kwanza lilivujisha mwanga kwenye mfuniko. Picha ikatoka nyeusi kama sufuria ya mama ntilie. La pili alilitoboa kwa sindano ya kushonea marobota, tundu likawa kubwa, na jengo zima likatoka kama uji. Ndipo akakata kipande cha kopo la soda, akaomba sindano nyembamba kwa mshonaji mmoja wa soko la nguo la Shahe, akachoma kidogo tu, akasugua kwa msasa mpaka tundu likawa dogo kiasi kwamba ukilitazama huna hakika kama lipo. Hilo ndilo lililoona.

Kazi hiyo hakuianzia Guangzhou. Tanga alikaa miaka tisa kwenye chumba cha giza cha studio, akiosha sura za maharusi, mpaka kamera za kisasa zikaingia na mwenye studio akauza mitambo kwa kilo. Murshid aliondoka na pakiti za karatasi za picha, na hasira. China akawa mfunga marobota kwenye ghala la Tahir, mtu wa Dar mwenye ofisi ya mizigo jengo la Tianxiu. Mchana alifunga. Kopo akaliacha dirishani mwa kibanda cha mlinzi, likitazama uwanja na mlango wa ghala, siku tatu, siku nne. Picha za siku nyingi namna hiyo hazihitaji dawa. Karatasi yenyewe huungua taratibu ikawa kahawia, kilichotulia kikabaki. Anayepita hapiti. Watu wanaobeba, malori yanayogeuka, wote huwa hawakuwepo.

Jambo hilo lilimuudhi. Alijitafuta kwenye picha zote za uwanja ule, yeye aliyeuvuka mara mia kwa siku na robota mgongoni, na hakujiona hata kivuli.

Baada ya Idi, mwezi wa Novemba, Bi Fathiya akaingia ofisini Tianxiu. Alitoka Unguja na gauni moja la mtoto ndani ya mfuko wa nailoni. Gauni lilikuwa na ukungu wa kijani kuanzia kolani hadi pindoni.

"Marobota ishirini na mbili," alisema. "Nguo za Idi. Watoto wa watu wamevaa za mwaka jana, na duka langu sasa linaitwa duka la ukungu. Niambie, Tahir."

Ofisi ilikuwa imejaa wateja, na Murshid alikuwa ameleta hesabu za ghala. Tahir hakuligusa gauni. Akanyoosha kidole.

"Huyo hapo. Murshid kafunga marobota mabichi. Mzigo wangu, dada'ngu, haulali nje hata siku moja."

Wote wakageuka. Mwezi wa Agosti Tahir alilijaza ghala kwa shehena ya mteja mkubwa, akasema nguo zikae nje usiku mmoja. Usiku mmoja ukawa siku nne, na mvua ikaja. Murshid alikwenda kuomba turubai, Tahir akamjibu kwa neno alilojifunza kwa wenye maduka wa Kichina: "Meiyou." Hakuna. Akacheka, akarudi kwenye simu yake.

Na sasa Murshid ndiye mwenye mabichi! Jengo lile habari hushuka ngazi haraka kuliko lifti. Ifikapo magharibi nani angempa robota afunge?

Alitoka bila kuaga. Chumba chake kilikuwa Xiaobei, mwendo wa kuvuka barabara mbili. Akamwaga picha zote kitandani. Nyuma ya kila moja alikuwa ameandika tarehe kwa penseli. Akaipata: Agosti, tarehe 18 hadi 21. Akatia kopo moja dogo mfukoni mwa koti, akarudi anakimbia, Bi Fathiya bado yuko kitini.

"Tazama," alisema, akaitupa picha mezani. Mlango wa ghala, umefungwa. Mbele yake, chini ya mbingu tupu, rundo la marobota limesimama wazi kama meno.

Tahir akaiinua. Akasoma alama iliyoandikwa kwenye robota la mbele, kisha akacheka kwa raha.

"UMAT. Mimi sina mteja wa UMAT. Huu uwanja wa nani, Murshid? Umeuokota wapi? Mtu na makopo yake!"

Miaka tisa ya chumba cha giza, na hasira ilikuwa imemfutia Murshid hata jambo la kwanza analofundishwa mwanagenzi. Akataka kusema, akasema "bosi, bosi," basi.

"Lete hapa," alisema Bi Fathiya. Akaweka kidole ukingoni mwa kulia. "Mie chuoni, kwenye Kurani, nimefundishwa kuanzia huku." Kidole kikatambaa. "T. A. M. U." Akainua macho. "Tamu. Duka langu, Tahir. Na mzigo wa Idi ndio wangu wa kwanza kupita kwako, na wa mwisho."

"Kwenye kopo picha hugeuka," Murshid aliweza kusema. "Kulia huwa kushoto."

Odette, mfanyabiashara wa Bukavu aliyekuwepo tangu asubuhi, akapiga makofi. "Eh, Papa Tahir! Hazilalake inje, hein?"

Tahir akamshika Murshid mkono, akamvuta pembeni. "Yameisha, ndugu yangu," alinong'ona. "Mimi na wewe watu wa pwani. Kesho njoo kazini."

"Ulinichafua kwa sauti," alisema Murshid. "Nisafishe kwa sauti."

"Mbele ya wateja?"

"Ulinichafulia wapi?"

Tahir akajikuna shingo. Akasema kitu kifuani mwake.

"Sijasikia, laoban," alisema Bi Fathiya, akitumia neno la wauzaji wanapomwita bosi, lakini kinywani mwake lilikuwa tusi.

Murshid akalitoa lile kopo mfukoni mwa koti. Akaliweka mezani, kati ya kalenda na kikokotoo, likimtazama Tahir. Akabandua selotepu nyeusi kwenye tundu.

"Lipo wazi," alisema. "Sema, na utulie. Hili halimwoni mtu anayetapatapa."

Tahir alilitazama kopo, akautazama mlango, akafuta jasho, akalitazama tena kopo.

"Mzigo ulilala nje," alisema hatimaye. "Siku nne. Murshid aliomba turubai."

Murshid akabandika selotepu, akachukua kopo lake, akashuka kwa ngazi. Kesho yake hakwenda kazini.