Mfukuza Mwewe na Majani Mafupi

Kazini wanamwita Shuu, kwa kuwa ndilo neno analolisema kuliko yote. Mkewe amewahi kulisikia hata usingizini. Cheo chake rasmi ni kirefu kuliko mshahara wake, lakini kwa lugha ya watu anafukuza mwewe uwanja wa ndege. Ana gari kuukuu lisilo na paa, honi iliyotolewa kwenye lori, bastola ya kurushia fataki, na chumba kidogo nyuma ya kituo cha zimamoto. Ukutani pana msumari, na msumarini kuna mfuko wa nailoni wenye manyoya na kipande cha chuma kilichopinda: kumbukumbu ya siku mwewe alipoingia kwenye injini. Hakuna aliyekufa isipokuwa mwewe. Tangu siku hiyo Shuu hajapanda ndege. Kabla ya hapo pia hakuwahi.

Sehemu kubwa ya mwaka anapambana na kunguru na mbwa wa jirani. Halafu baridi inaingia huko kaskazini, na mwewe na tai wa huko wanahamia kusini kwa maelfu, kama wapangaji waliopewa notisi. Hawajichoshi kupiga mabawa. Wanasubiri jua lipashe ardhi na hewa ya moto ipande, nao wanapanda nayo wakizunguka, kisha wanateleza mbele. Asubuhi, hewa ikiwa bado baridi, wanakaa chini wakiwa wazito, wanatafuta panzi na panya. Ndiyo maana msimu huo Shuu ana amri moja: majani ya kando ya njia ya kurukia yasikatwe, yafike magotini, ili panya wasionekane na mwewe wasipate sababu ya kutua. Kwa amri hiyo amegombana na kila meneja aliyepita.

Mwaka huu aliivunja mwenyewe. Mama yake alikuwa anakuja.

Mama ni mtu wa kufagia uwanja kabla jua halijachomoza, na humpima binadamu kwa uwanja wake. Miaka yote alikataa ndege, akaja kwa basi, kwa sababu mwanawe huyohuyo alimsimulia mezani habari za injini na manyoya. Safari hii miguu ilikuwa imemvimba, binti yake akamkatia tiketi, na Shuu akabaki na kazi ya kumtuliza kwa simu.

"Panda tu, mama. Mimi nipo huku chini."

"Wewe ndiye uliyenitia woga, leo unautoa?"

"Nautoa, mama."

"Haya. Nikifa utanizika wewe na hadithi zako."

Shuu akamfuata dereva wa trekta la kukatia majani.

"Kata pale mbele ya jengo la abiria. Kidogo tu."

"Msimu huu? Si wewe uliyetaka nifukuzwe kazi kwa kuyagusa?"

"Mama anakuja. Atasema tunaishi porini."

Dereva alicheka mpaka akazima injini. Kisha akaiwasha, na kwa kuwa ni mtu mwema, hakukata kidogo. Alikata pande zote mbili za njia, mwanzo hadi mwisho.

Asubuhi ya safari Shuu alifika na shati la pasi. Majani yalikuwa mafupi kama zulia la ofisi ya waziri, na juu ya zulia walikaa mwewe na tai kwa mamia, wakiokota panzi bila haraka.

Akapiga honi. Wakageuza shingo, wakamtazama. Akafyatua fataki. Kundi la karibu likanyanyuka kwa shida, likapita chinichini juu ya njia yenyewe, likatua upande wa pili. Akafyatua huko; likarudi. Hapo ndipo alipoelewa. Kila akiwafukuza anawavusha, tena kwa kimo kilekile ambacho ndege itapita ikishuka.

Redio ikakoroma. Alikuwa dada wa mnarani, anayeongoza ndege.

"Shuu, ndege ya asubuhi iko karibu. Rubani anasema kule milimani jua limeshatoka na makundi yameshapanda, nikimzungusha atazunguka ndani yao. Hapo chini vipi?"

"Wamejaa kando zote. Njia yenyewe iko wazi."

"Wafukuze basi, kaka! Si ndiyo kazi?"

"Nikiwafukuza watavuka. Jua bado liko nyuma ya wingu. Likitoka, wote watapanda. Mlete sasa hivi. Mimi sifanyi kitu."

"Hafanyi kitu. Ndivyo nimwambie rubani?"

"Mwambie wamekaa." Sauti ikamshuka. "Mama yangu yumo."

"Tunajua yumo. Tumeona majani."

Shuu akazima gari. Bastola akaiweka chini na kuikanyaga. Mkono wa kulia, aliouzoeza miaka yote, ukaanza kwenda wenyewe kwenye honi; akaukalia. Basi akawa hivyo, mfukuza mwewe wa uwanja mzima, amekalia mkono wake. Tai mmoja karibu na gari alikuwa amemkanyaga panya, akimkagua Shuu kwa jicho la afisa wa forodha. Ukingo wa wingu ukaanza kung'aa. Kivuli cha gari, ambacho hakikuwepo, kikaanza kuonekana kwenye lami.

Ndege ikatokea, taa zimewaka, polepole mno. Tai akafungua mabawa.

"Kaa," Shuu akamwambia. "Kaa, baba, kula. Nakuomba."

Tai akalidonoa bawa kwa chini, akalikunja. Magurudumu yakagusa lami kwa mlio, upepo ukasimamisha manyoya migongoni mwa wote, na wachache wakaruka pale ambapo ndege ilikuwa imeshapita. Haikupita muda jua likatoka, na kundi zima likanyanyuka, duara juu ya duara, mpaka likawa kama vumbi. Shuu aliinama kando ya gari akatapika. Shati la pasi lilikuwa limemganda mgongoni.

Mama alishuka ngazi ameukumbatia mkoba. Kwanza akatazama majani.

"Pasafi," akasema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Nilikuona dirishani. Wenzako wanahangaika na mizigo, wewe umekaa tu garini na makuku yako. Ndiyo kazi hiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na wanakulipa?"

"Wanalipa."

"Mungu mkubwa. Basi woga umeniisha. Kurudi napanda hiihii, uniwekee dirishani. Nitaondoka mvua zikiisha."

Shuu akaupokea mkoba. Mvua zikiisha ndipo mwewe nao hurudi kwao kaskazini, juu ya uwanja huuhuu. Hakumwambia. Aliyatazama majani, akajaribu kukadiria kama siku hiyo yatakuwa yamefika magotini.