Viazi Nilivyomenya

Nilikuwa mpishi wa shughuli. Hapa Mlalo, iwe harusi au msiba, akina mama wa usharika wetu walinitafuta mimi kwanza ndipo watafute mchele.

Siku mshipa ulipopasuka nilikuwa nasonga ugali wa msiba. Maumivu yalinishukia kisogoni kama shoka. Nikatapika, nikaanguka palepale jikoni. Mume wangu alinikimbiza Lushoto, na kutoka huko tukapelekwa Dar es Salaam, nikafunguliwa fuvu. Daktari alimweleza kwamba mshipa mmoja ulivimba kama puto, ukapasuka, damu ikaenea kuuzunguka ubongo. Akamwambia pia kwamba ubongo umebaki na kovu, na kovu hilo laweza kuniletea kifafa baadaye. Hilo la mwisho mume wangu alinificha. Eti hakutaka kunitia hofu.

Miezi ikapita, nikarudi jikoni. Kulikuwa na ubatizo, tunamenya viazi uani, mimi na rafiki yangu tuliyepata kipaimara pamoja. Mkono wangu wa kushoto ukaanza kuchezacheza wenyewe. Nikautazama kama mkono wa mtu mwingine. Sikumbuki zaidi.

Yaliyofuata nilisimuliwa na binti yangu. Wanawake walitawanyika. Yeye alipokimbilia kunigeuza ubavu, rafiki yangu alipiga kelele: "Usimguse! Hilo povu linaambukiza!" Binti yangu hakumsikiliza. Nilipozinduka, kanga imelowa mkojo, kichwa kizito, kitu cha kwanza nilichoona ni beseni langu limepinduliwa kwenye migomba. Viazi vyote nilivyomenya vilikuwa vimetupwa, vyeupe juu ya udongo.

Wiki iliyofuata rafiki yangu alikuja na mwenyekiti wa akina mama. Hawakutaka kuketi.

"Tumeona upumzike kwanza," mwenyekiti alisema. "Afya ndiyo muhimu."

"Daktari amenipa dawa," nikawaambia. "Na amesema kifafa hakiambukizi. Nikae mbali na moto, sawa. Lakini kumenya, kuchambua mchele, kuonja chumvi, nashindwaje?"

Nikamgeukia rafiki yangu.

"Viazi vilikuwa na kosa gani?"

Alitazama mlangoni. "Watu wangevila, dada?"

Nilitaka kumuuliza ni chakula cha nani alichokula kwenye msiba wa mama yake, siku tatu mfululizo. Walipoondoka ndipo nikamgeukia mume wangu, nikamwambia maneno ambayo hadi leo hatujayazungumza tena. Ningejua mapema alichoambiwa na daktari, ningemfundisha mtu la kufanya. Ningekaa kwenye kiti, si karibu na visu.

Dawa nameza asubuhi na jioni. Nimeanguka mara mbili tu tangu hapo, zote nyumbani. Pale usharikani bado ninaitwa mgonjwa.

Mwaka huu binti yangu aliolewa. Upishi ulifanyika uani kwangu, kwa sufuria zangu, na mimi niliketishwa mbele na wageni, nimevishwa kitenge kipya. Rafiki yangu ndiye aliyesimamia jiko. Akaniletea sahani kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Wali haukuiva, ulikuwa na kiini.

"Vipi, dada?" akauliza.

"Mtamu," nikasema, nikala wote mbele yake.