Juu ya Mushaki, kwa Mama Mkwe

Mume wangu alipofariki, watu wa Mushaki walidhani nitarudi kwetu Pinga, msituni. Nilibaki. Niliendelea kuuza mawese kando ya barabara, na nikipata nafasi napanda kwa mama yake, aliyeishi peke yake na ng'ombe wake kwenye uwanda wa juu, ambako ni majani na upepo tu.

Mara ya kwanza baada ya mazishi ilikuwa kipindi cha mvua. Pikipiki iliniacha utelezi ulipoanza, nikapanda kwa miguu, viatu mkononi. Ukungu ulikuwa mzito hata nikasikia ng'ombe wakitafuna kabla sijawaona. Mama mkwe hakujua sana Kiswahili, na Kinyarwanda changu kiliishia kwenye salamu. Zamani mume wangu ndiye aliyetutafsiria. Nikampa chupa ya mawese, yameganda kwa baridi. Akaiweka karibu na makaa, tukakaa tunaitazama mpaka yakayeyuka.

Kiangazi nilipanda tena. Majani yalikuwa yamekauka, na ziwa lilionekana mbali kule chini. Akanifundisha kukamua. Ng'ombe akanichapa mkia usoni, mama mkwe akacheka, na kicheko kile kilikuwa cha mwanawe kabisa. Niligeuka haraka kana kwamba mtu ameniita.

"Kicheko iko sawa na yake," nikamwambia.

Sijui alielewa maneno, au uso wangu tu. Akaacha kucheka, akanishika mkono na vidole vyenye maziwa.

Mvua iliporudi, nilikuta mlango wake umefungwa kwa waya. Zizi lilikuwa tupu. Jirani, mchungaji wa makamo, akanijia na kikombe.

"Mama, hawakukuambia? Binti yake alikuja kumubeba. Iko Goma sasa. Kifua kilimukamata, baridi ya huku hataiweza tena."

"Na ng'ombe?"

"Waliuzisha."

"Hakuacha neno?"

"Alisema, yule wa Pinga akikuja, mumupe maziwa."

Nikayanywa nimesimama, mvua ikinipiga mgongoni. Mawese nikamwachia jirani.

"Sasa utakuwa unakuja kwa nani?" akaniuliza.

Nikamrudishia kikombe.

Nilimpigia mama mkwe simu Goma. Tulisalimiana, tukaulizana hali, maneno yakaisha. Nilimsikia akihema tu, hadi unite zangu za simu zikakwisha. Baadaye binti yake akabadilisha namba.

Bado napanda, kiangazi hasa. Mwaka huu nyumba ile imeezuliwa, na jirani amehamia Sake. Wachungaji wapya hawanijui. Mmoja aliniona nimesimama muda mrefu kwenye majani, akasogea.

"Mama, unatafuta fromaji?"

"Ndiyo," nikasema.

Akaniletea moja, jibini ya duara, imefungwa kwenye jani la mgomba. Nikaiweka kwenye kikapu na kuanza kuteremka kabla ya mawingu.